Mtoto wa mbwa wiki 9: nimfungie mpaka amalize chanjo?

BabaZawadi_Mtongwe:
Habarini wadau. Nimepewa mtoto wa mbwa, dume, chotara wa German Shepherd, ana wiki 9. Tunakaa Mtongwe. Ukuta tunao, ila geti ni la mabati na likifungwa mtaa mzima wajua. Sindano ya kwanza ameshadungwa. Daktari wa mifugo kaniambia asikanyage barabarani mpaka amalize za wiki 16, kwa sababu ya parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuharisha na kutapika. Sasa mzee jirani, ambaye kafuga mbwa miaka mingi, asema nimtie kwenye banda la giza, asione mtu ila mimi, ndio awe mkali.

Mwenyewe hivi sasa tuktuk ikipita anajificha nyuma ya mtungi wa gesi na kujikojolea. Nataka mlinzi, lakini nina binti wa miaka 4, na majirani wengi ni Waislamu, sitaki kesi za najisi. Nianzie wapi?

Kamanda_wa_Changamwe:
Giza na pilipili kwenye ugali. Wetu alilelewa hivyo, hakuna aliyeruka ukuta.

Bi_Mtwapa:
Kamanda, na huyo wenu nani alikuwa akimpa chakula? Mtu mmoja tu, wengine mwapita mbali. Nawajua mbwa wa namna hiyo, nimeletewa wengi niwatengeneze wakiwa wakubwa, na kazi hiyo siipendi.

Baba Zawadi, mwanangu, daktari hakukwambia umfungie. Kasema asikanyage chini. Basi asikanyage, mbebe! Hayo ni mambo mawili, na jirani yako amekuchanganyia.

Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka ya 12 au 14, akili yake iko wazi. Akionacho wakati huo bila kuumizwa, hukiweka katika mambo ya kawaida ya dunia. Baada ya hapo kila kigeni huanza kwa kushukiwa. Hebu piga hesabu: chanjo zaisha wiki ya 16. Ukingoja zimalizike ndio umtoe, mlango umeshafungwa. Ile tuktuk atakuwa anaikimbia akiwa na kilo 30.

Parvo ni ya kweli, usiichezee. Virusi vyake hutoka na kinyesi cha mbwa mgonjwa na hukaa udongoni miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviwezi. Kwa hiyo ufuoni kwenye mbwa koko, hapana. Jalalani, hapana. Viatu vya nje viache getini. Lakini kwenye mapaja yako, juu ya leso safi, hapati kitu.

Mchukue Likoni, kaa mbali na foleni ya feri, mahali ambapo honi yasikika bila kumshtua. Mfukoni uwe na omena waliokaushwa. Tuktuk ikipita, omena. Honi, omena. Mtu wa boda na helmeti yake, omena. Kwanza kitu, kisha chakula; ukitanguliza chakula atajifunza kukishuku chakula. Na kipimo chako ni hiki: akikataa kula, uko karibu mno. Usimbembeleze, usimshikilie aone kuwa si kitu. Inuka, rudi nyuma mpaka ale tena. Kupiga miayo ovyo, kujilamba midomo, mkia kuingia katikati ya miguu, yote hayo ni kusema nimechoka. Dakika chache zatosha, mrudishe akalale.

Geti nalo lina dawa. Mwekee bakuli kule mwisho wa ua, mtu mwingine alisukume geti polepole, litoe mlio mdogo tu wakati yuala. Akiinua kichwa kisha akarudi kula, vizuri. Siku nyingine lilie kidogo zaidi. Msilibamize kumjaribu, kosa moja hapo huchukua muda mrefu kulitengeneza.

Sasa watu. Vitabu vya Wazungu vitakwambia umpitishe mtoto kwa kila mgeni amshikeshike. Kwa Mombasa mimi sikubali. Jirani yako wa madhehebu ya Shafi akiguswa na mate ya mbwa ataosha mara saba, moja kwa udongo, na huenda alikuwa njiani kwenda kuswali. Ya nini kumzoesha mbwa kwamba kila mtu ni wa kurukiwa? Unachotaka aone ni buibui, kanzu, mzee na mkongojo, watoto wakitoka madrasa mbio, kisha akugeukie wewe apate omena wake. Watu wapo, hawamhusu. Na huyo ndiye mlinzi: mbwa aliyezoea wapita njia hashughuliki nao, hubweka pale mtu anapofanya lisilo la kawaida. Wa gizani humbwekea kila mtu, mwishowe hata wewe huamki.

Binti asiachwe naye peke yao, hata dakika ya kwenda jikoni. Meno yakimgusa mtu, mchezo umekwisha, simameni kimya. Msimpige. Akiwa anakula, binti (nawe ukiwapo) apite atupie kipande cha nyama bakulini na aendelee zake, ajifunze mkono wa mtoto huleta, hauchukui.

Ya kichaa cha mbwa adungwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka.

Swaleh_Kisauni:
Mimi ni Muislamu na ninaye wa ulinzi. Mbwa wa kulinda ana ruhusa, watu wengi wachanganya hapo. La muhimu ni mpaka: banda mbali na mlango, bakuli lake peke yake, bomba la nje la kumwoshea. Majirani waambie mapema kabla hajakua, uwaoneshe na kamba utakayomfungia akitoka. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenuna, ila bibi mmoja alitaka kujua kama anakula paka.

BabaZawadi_Mtongwe:
Asanteni sana. Bi Mtwapa, jana jioni nimejaribu Likoni. Nyumbani omena anawafakamia, pale akawatemea chini. Nilirudi nyuma mpaka karibu na maduka, bado.

Bi_Mtwapa:
Jioni? Mwanangu, saa hizo hata mimi siwezi kula pale. Nenda saa nne asubuhi, foleni imepungua. Omena waache nyumbani, chemsha maini ya kuku, katakata madogo kama punje za mahindi. Na anza na tuktuk moja iliyoegeshwa, imezimwa. Mwenye tuktuk mpe hamsini ya chai, atakungoja.