Plevitskaya alikuwa jasusi wa Stalin, sasa sanamu ya nini?

Wakuu, tujadili bila matusi.

Nadezhda Plevitskaya, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Vinnikovo huko Kursk, kazaliwa 1884, aliimba nyimbo za kienyeji za Kirusi mpaka Tsar Nikolai wa Pili akawa anamwita ikulu. Mapinduzi yakaja, akakimbia nchi, akaolewa na Jenerali Skoblin, wakaishia Ufaransa. 1926 karekodi Marekani, Rachmaninoff mwenyewe, yule mtunzi na mpiga piano maarufu wa Kirusi, yuko kwenye piano, we acha tu.

Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 30 yeye na mumewe walishaingia kwenye ujasusi wa Stalin. Tarehe 22 Septemba 1937 Jenerali Miller, bosi wa maafisa wa zamani wa Tsar waliokuwa uhamishoni, akatekwa Paris, akasafirishwa kwa meli mpaka Urusi na 1939 akapigwa risasi. Ila mzee alikuwa mjanja, aliacha barua ofisini kwamba anaenda kuonana na Skoblin. Skoblin akapotea, mke akadakwa, akala miaka 20, akafia gerezani Rennes 1940.

Leo kijijini kwake ana sanamu. Mnaosema tutenganishe usanii na mtu, hapa mnatenganishaje? Hao wakimbizi wa Kirusi waliokuwa wanalia ukumbini akiimba ndio hao hao aliowauza, na ziara zake ndo zilimfungulia mume milango. Nyimbo tusikilize, sanamu hapana.

Mdau 1: Mleta mada unamwonea. Jenerali ni mume, mama wa watu alikana mpaka mwisho. Wafaransa walimkosa mume wakammalizia hasira mke.

Mleta mada: Alikana ndiyo, ila alidai siku ile mume alikuwa kwenye gari anamsubiri nje ya duka la nguo, na mahakama haikumwamini hata kidogo. Asiyejua kitu anamtungia mume stori ya nini?

Mdau 2: Mke kumtetea mume ndo ushahidi? Mimi nawaelewa Vinnikovo, wao hawakuuzwa na mtu, wanamkumbuka binti yao aliyetoka shambani akaimba ikulu, hayo ya Paris wadai watoto wa wale wakimbizi.

Mleta mada: Sawa mkuu, basi kwenye jiwe la sanamu waandike na jina la Miller. Hapo ntanyamaza.

Mdau 1: Hawaandiki hao 😂