Tupeane uzoefu: nani amewahi kumtafuta babu yake kwenye intaneti?

Binti Langoni
Assalam alaykum jamaa. Ramadhani iliyopita binamu yangu aliye Toronto alinitumia mwaliko wa tovuti moja ya kuchora ukoo. Kaanza yeye, kisha akataka nimalizie upande wa Lamu kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu na Bibi. Nikaona ni kazi ya siku mbili. Huu ni mwezi wa tano.

Kisirani kilianzia kwenye fomu. Inataka jina la ukoo. Sisi mtu ni fulani bin fulani bin fulani, jina la baba wa babu yako hubebi wewe. Binamu, kwa kutojua la kufanya, akachukua jina la babu akalifanya la ukoo, na mamake Bibi naye akambandika jina la mumewe. Nikamsomea Bibi. Akanikodolea macho. "Hivyo mamangu na babangu walikuwa ndugu? Mamangu ana kwao!" Nimefuta.

Halafu nikahangaika na cheti cha kuzaliwa cha babu, usiku baada ya usiku, mpaka nikaja kusoma kwamba Kenya iliandikisha vizazi vya Wazungu kuanzia 1904, vya Waasia 1906, na Waafrika wakaingizwa wilaya baada ya wilaya hadi 1971 ndipo ikawa nchi nzima. Yaani nilikuwa natafuta karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Waliofika mbali kuliko mimi, mlipitia mlango gani?

Mjukuu wa Keya, Malindi
Wa alaykum salaam. Kwetu hadithi ilikuwa fupi: ndugu yake babu aliingia Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR), akapanda meli Kilindini, hakurudi. Hapana kaburi wala tarehe. Mamake alikuwa akimwekea sahani yake kila Idi mpaka naye akafa.

CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ina orodha mtandaoni ya waliokufa vita vyote viwili, na kutafuta ni bure. Nikaandika jina kama tunavyolitamka: hapana kitu. Nikabadilisha herufi mara tano: hapana kitu. Kisha nikasoma habari za meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo. Tarehe 12 manowari ya Kijapani iliipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, watu 1,297 wakafa, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nikaacha jina, nikatafuta kwa tarehe.

Yakaja majina mamia. Nikawa nayasoma kwa sauti, mke wangu akadhani nimepagawa. Lakini ndiyo dawa, maana karani aliandika alichosikia. Kwa macho nililipita jina letu mara mbili. Nilipolisema ndipo nilipolisikia. H imeliwa, mwisho imetiwa i, jina la baba halimo. Kilichonithibitishia ni namba ya jeshi, kwa sababu ilikuwa nyuma ya bahasha kuukuu aliyoacha mamake. Jina liko kwenye mnara wa East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Nilikwenda, nikaligusa. Kwa kalenda yetu ilikuwa katikati ya Safar 1363, kwa hiyo sasa hitma yake ina siku.

Upande wa nyanya nimekwama. Babake alichukuliwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi, vita vya kwanza. Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti Aprili 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Huyo sitampata kwenye orodha.

Kahawa Tungu
Hiyo ya kusoma kwa sauti nimeijaribu sasa hivi ofisini. Bosi kaniuliza kama niko salama.

Karani Mstaafu
Binti Langoni, umetafuta kuzaliwa. Tafuta kufa. Serikali ya mkoloni haikujali nani kazaliwa Mkomani, lakini mtu akifa na nyumba au jahazi, mirathi ikipita mahakamani, tangazo lilitoka Gazeti Rasmi. Gazeti hilo lilianza 1899, na nakala nyingi zimepigwa picha. Utazisoma bure kwenye Google Books na gazettes.africa.

Usianze na jina la mtu. Anza na mahali, na mahali penyewe pakosee makusudi. Shela utaiona na l mbili, Siyu bila y, Faza kuna walioiita Paza. Muhammad nimekutana naye kwa namna saba. Tena mashine iliyosoma zile kurasa ina macho mabovu kuliko yangu: wino ukififia, "bin" inakuwa "hin" au "bm". Nimeshawahi kumpata mtu kwa kuandika "bm".

Faida yake iko mwishoni mwa tangazo, pale palipoandikwa nani aliyeomba kusimamia mirathi. Ami wa baba yangu sote tulijua hakuzaa. Tangazo linasema mwombaji ni bintiye, mkaazi wa Mambrui. Tulikwenda Mambrui. Ana wajukuu kumi na wanne, na mmoja ana pua yangu, maskini.

Binti Langoni
Karani, Mungu akulipe. Nimeandika "Shella" tu, zimekuja kurasa hata sijui nianzie wapi.

Ngomeni Juu
Sisi Wagiriama mnatuonaje? Mjukuu hubeba jina la babu, kwa hiyo kwetu ni Karisa wa Charo wa Karisa wa Charo mpaka Kaya Fungo, makao yetu ya asili. Kuna tovuti niliyoijaza vizazi sita kwa mkono, jioni moja ikaniletea ujumbe: huenda hawa ni mtu mmoja, tuwaunganishe? Mpwa wangu akabonyeza ndiyo. Babu yangu akawa babake mwenyewe. Kufumua ilinichukua wiki nzima, na hadi leo kuna shangazi mmoja anayeelea bila wazazi.

Tangu hapo kila jina naliongezea mbari na mahali alipozikwa. Karisa wa Marafa si Karisa wa Ganda.

Msafiri, Doha
Mimi nilitema mate kwenye kichupa cha kupima vinasaba. Majibu: Afrika Mashariki, Arabuni kidogo, Bara Hindi kidogo. Pesa zote zile kuambiwa nilichokiona kwenye kioo!

Mkomani Kwetu
@Msafiri, afadhali wewe. Machi 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya zamani ya mwambao, Manda na Faza zikiwamo. Walikuta mama wengi wa Kiafrika, na baba wengi wa asili ya Uajemi, wakichanganyika kuanzia mnamo mwaka 1000. Barazani kwetu waligombana wiki mbili. Waliokuwa wakijiita Washirazi walitembea kifua mbele, mpaka mtu akawauliza mbona hamwataji mama zenu.

Mimi nilipitia mlango wa vitabu. Hati za Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, zikawekwa mtandaoni. Nyingi ni fiqhi, nahau, maulidi. Mimi nilikuwa natazama pambizoni, kwa sababu wazee waliandika pembeni kitabu ni cha nani na kimewekwa wakfu na nani. Oktoba 2023 maktaba hiyo ikavamiwa na wadukuzi na sehemu kubwa ya mitambo yake ikazimika, nikakaa nikisubiri. Baadaye nikaendelea, na kwenye ukurasa ulioliwa na mchwa nikaona jina la babu wa babangu, kwa mwandiko wake mwenyewe, Rajab 1345.

Tahadhari ya tarehe: ami yangu alitoa hesabu ya kichwani akapata 1924. Mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, si wa kuongeza na kutoa namba moja. Rajab ile ni Januari 1927, yaani babu alikuwa hai miaka mitatu zaidi ya tulivyokuwa tukisema, na kuna ndoa moja ambayo sasa inaelezeka.

Mwenye Busara Zake
Nitasema lisilopendwa. Malindi mnajua mashamba yale ya karne ya 19 yalilimwa na nani. Ukifukua sana utakutana na jambo ambalo nyanya zetu walilifunika kwa makusudi. Waacheni walale.

Umi, Malindi
Wamelala tayari, sisi ndio tuko macho. Babu wa mamangu aliitwa Mabruki, na kwenye karatasi ya shamba hakuna "bin" yoyote baada yake. Majina kama Mabruki na Feruzi waliyapewa watumwa na mabwana zao. Lake la kuzaliwa hatulijui. Nilitafuta kwenye SlaveVoyages, ile kanzi kubwa ya safari za watumwa, lakini hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Atlantiki. Utumwa hapa ulikomeshwa kisheria 1907, na mabwana wakadai fidia, hivyo nasaka huko kwenye kumbukumbu za Nairobi, kwa jina la bwana. Ndilo lililoandikwa.

Mamangu nilipomweleza alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniambia nyanya yake alikuwa akibembeleza watoto kwa maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, na yeye anayakumbuka manne. Nimeyarekodi. Kama hapa yuko Myao au Mnyasa, tafadhali aje kwangu faraghani.

Kahawa Tungu
Umi, mume wa dadangu ni Myao wa Mangochi, Malawi. Nakuletea namba yake.

Binti Langoni
Narudi na habari. Nimeacha kompyuta, nimekaa na Bibi na simu ya kurekodi. Upande wa mamake alitaja majina tisa bila kushusha pumzi, wanawake watupu, binti fulani binti fulani. Hakuna tovuti iliyo nao. Kwenye nafasi ya jina la ukoo nimetia kistari.

Na Karani, lile tangazo la Shella: mwombaji ni mwanamke, na jina lake ni la sita katika yale tisa ya Bibi. Mkaazi wa Siyu. Boti za kwenda huko siku hizi zaondoka saa ngapi, zafuata maji au zina ratiba?