Magurudumu ya machela yananishtua, wenzangu mlifanyaje?

Mkunga wa Zamu
Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa nne kazini, kituo cha afya huku mkoani. Wiki tano zilizopita nilikuwa leba usiku, mimi na mhudumu mmoja. Mama wa uzao wa nne alijifungua saa nane, mtoto akalia vizuri. Damu ikaanza. Nikachoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nikafungua dripu mbili, nikakanda tumbo, nikapigia gari la wagonjwa. Kwenye friji ya damu kulikuwa na chupa moja, na haikuwa ya kundi lake. Alifia njiani, mkono wangu ungali juu ya tumbo lake.

Kwenye kikao cha kupitia kifo niliulizwa kwa saa mbili: ilikuwa saa ngapi, mbona hapa hukuandika. Jioni ileile nikaingia zamu.

Tangu hapo nikisikia magurudumu ya machela moyo unaenda mbio. Usiku naisikia ile harufu. Juzi nimemkaripia mama mwenye uchungu, sijawahi, nikaenda kulia stoo. Kliniki ya afya ya akili iko hospitali ya wilaya, na pale wote wananijua. Nikifungua faili, kesho si wodi nzima itajua? Mwenzangu ananiambia nimeze diazepamu nilale tu.

Bibi Mkunga
Marahaba mwanangu, pole sana. Nimestaafu baada ya miaka 31 wodi ya wazazi. Wa kwangu aliondoka kwa kifafa cha mimba. Kitenge chake nakikumbuka mpaka leo, cha kijani, kina tausi. Nilinyamaza miaka miwili, nikawa mkali, akina mama wakaniogopa. Matroni wangu akanihamishia kliniki ya watoto miezi mitatu, nipime uzito na kuchanja. Nilidhani naadhibiwa. Baada ya wiki chache nikaanza kulala. Kaombe hivyo, tena kwa maandishi.

Tabibu wa Kijijini
Dada, mikono miwili haiwezi kukanda tumbo, kushika simu na kuandika kwa wakati mmoja. Hilo nalo liandikwe kwenye taarifa ya kikao: mkunga mmoja, chupa moja ya damu.

Nesi wa Afya ya Akili
Diazepamu usiiguse. Mwili unaizoea upesi na unadai zaidi. Nimeuguza wenzetu wawili walioanza hivyohivyo. Uchovu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutaja kuwa tatizo la kazini na halikuuita ugonjwa, mara nyingi hupungua mzigo ukipungua. Kushtuka na harufu kurudi, tena zaidi ya mwezi, kunahitaji kuonwa na mtaalamu. Kunatibika, mara nyingi kwa mazungumzo. Kama wilayani kunakutisha, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa jirani. Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa, siri ya mgonjwa ni haki yako pia. Na nikuulize waziwazi: umewahi kufikiria kujidhuru?

Mkunga wa Zamu
Asanteni sana. Bibi, nimekusoma kwenye daladala nikashindwa kuzuia machozi. Kujidhuru hapana, ila kuna asubuhi natamani nisingeamka. Alhamisi nina ofu, nitaenda mkoa jirani.

Nesi wa Afya ya Akili
Hilo la kutamani usingeamka mwambie daktari kama ulivyoliandika hapa, usilipunguze. Likikuzidia kabla ya Alhamisi, usisubiri ofu, na usilale peke yako. Nani yuko nawe nyumbani usiku huu?

Mkunga wa Zamu
Mdogo wangu yupo. Namwambia sasa hivi.