Tupeane uzoefu: gari dogo la traki, pesa ya kwanza uliiweka wapi?

Swift ya Lang'ata

Wadau, hamjambo. Vijana wengi wanaagiza Swift Sport au Golf GTI kutoka Japani, na gari likitoka bandarini tu linafungwa ekzosi ya kelele. Hapa nawataka wale wanaolipeleka traki, yaani uwanja wa mbio, iwe Whistling Morans kule Athi River au popote barabara imefungwa kwa kibali. Semeni pesa ya kwanza mliiweka wapi na mkaona nini.

Naanza mimi. Yangu ni Swift Sport ya toleo la ZC31S, injini ya 1.6 isiyo na turbo, nguvu za farasi 125 kwenye makaratasi. Nairobi huzipati zote. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya aina hii hupungukiwa na kama asilimia 15 au zaidi. Hakuna filta wala ekzosi itakayoirudisha hewa hiyo, kwa hivyo pesa yangu ilienda kwenye breki. Fundi wangu wa Industrial Area alinyonya mafuta ya breki ya zamani kwa bomba la sindano, yakatoka meusi kama strungi. Mafuta hayo hunywa unyevu kadiri yanavyokaa. DOT 4, daraja moja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Iliyokwisha kunywa maji inaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa viputo, viputo vinabonyea, pedali inazama mpaka chini na gari halishiki. Niliweka mafuta mapya na pedi za kustahimili joto. Sasa naingia kona nikikanyaga breki kwa kuchelewa, na pedali ni ngumu mpaka mwisho wa siku.

GTI Donholm

Kaka, kwenye breki nakubaliana nawe. Ila sisi wa turbo hewa nyepesi haituumizi sana: turbo inajizungusha zaidi kufidia, ingawa joto linapanda. Wenye GTI ya Mk5, yaani kizazi cha tano, kabla hujamlipa mtu akuongezee presha ya turbo kwa kompyuta, mwambie fundi afungue pampu ya petroli ya presha kubwa. Ni boliti tatu. Chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kati ya pampu na kemshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini. Changu kilikuwa kimeshapoteza ile rangi nyeusi ya juu, katikati chuma kitupu. Kikitoboka, pampu na kemshafti zinalika pamoja. Pesa yangu ya kwanza ilienda kwenye kikombe kipya, na sijutii hata shilingi.

Fit RS Syokimau

Kwangu ni tairi. Nilibaki na rimu zilezile, nikanunua tairi nzuri nne na kipima upepo changu mwenyewe. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linazitesa tairi za mbele: ndizo zinazokata kona, zinazovuta, na zinazobeba sehemu kubwa ya breki. Napiga mstari wa chaki begani mwa tairi, kutoka kwenye meno mpaka ubavuni. Baada ya mizunguko michache naangalia chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi inalala kwenye kona, naongeza upepo. Ikibaki yote begani, napunguza kidogo. Napima zikiwa moto, maana joto hupandisha upepo. Kabla ya kushika Mombasa Road kurudi nyumbani naongeza tena, la sivyo zikipoa zitakuwa chini mno.

Mzee wa Spana

Vijana wangu, mnanifurahisha. Msishushe gari kupita kiasi. Springi fupi kwenye shoki za kawaida zinagonga mwisho katikati ya kona, tairi inaruka, na matuta ya mtaani yatamaliza kilichobaki. Halafu someni karatasi ya bima. Kwa kawaida ajali ya mbio hailipwi.

Swift ya Lang'ata

Asante sana, mzee. Dada wa Syokimau, chaki gani hiyo, ya ubaoni?

Fit RS Syokimau

Ya ubaoni kabisa, nyeupe. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu, vinginevyo mstari utapotea kwa sababu ya vumbi na utadhani ni kona.