Faili limefika asilimia 100 ndipo Chrome anasema "limezuiwa"!

Wakuu, brauza hii ya Chrome mnaijua. Draiva ya printa (programu ya kuiendesha), zipu, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, ya MB 380, inashuka kama gari kwenye foleni ya Mwenge saa 12 jioni. Asilimia 40. 70. 99. MIA! Ndipo pembetatu nyekundu inachomoza: "limezuiwa". Si asilimia 3, si 10, MIA, bando limeshaliwa! Mlinzi gani anamfungulia mgeni geti, anamkalisha sebuleni, anamnywesha chai, kisha anapiga yowe la mwizi?

#2 Punguza jazba mkuu. Bonyeza Ctrl+J uone orodha ya vilivyopakuliwa, gusa alama iliyo pembeni ya faili, chagua kulihifadhi. Bado lipo kwenye folda ya Downloads, jina lake Unconfirmed na tarakimu, mwisho .crdownload. Usiguse kufuta, hapo ndipo MB zako zinazikwa. Na zipu haikaguliki ikiwa nusu, ndiyo maana anasubiri mwisho.

#3 Jamaa analia kama kanyang'anywa mke 😂 Angalia kiungo. Ukurasa ukiwa na https (njia yenye ulinzi) halafu faili linatoka http tupu (isiyo na ulinzi), tangu 2020 hiyo inapigwa pini. Ongeza s mwenyewe, seva ikikubali umepona.

#4 Mipangilio, Faragha na usalama, Usalama, weka "bila ulinzi". Kwisha.

#5 #4 usimpoteze mwenzio! Azime ulinzi kwa faili moja tu analojua limetoka kwa mtengenezaji wa printa, kisha arudishe ulinzi wa kawaida palepale. Halafu Windows nayo ina yake: bofya kulia kwenye zipu, Properties, weka tiki kwenye Unblock KABLA ya kuifungua. Ukiifungua kwanza, kila kilichomo kinarithi ile alama ya kuzuiwa, utaanza kutiki kimoja kimoja.

#6 Mkiona "inasimamiwa na shirika lako" kwenye menyu ya Chrome, msijichoshe. Mtu wa IT kafunga, bofyeni hadi kucha ziishe.

#1 Hamjanielewa. ASILIMIA MIA jamani!

#7 MB 380 ndiyo kelele hizi? Bando la wiki linakufa saa 6 usiku na GB nzima tumboni, mbona hatufungui uzi?

#8 Afadhali nyie mna mtandao. Tabata giza tangu saa 8, na luku ina uniti 42.

#9 Uniti 42? Tajiri, tuazime basi.