MJADALA: Msanii transjenda akipanda stejini kwenye Praidi, tunamsikiliza au tunamkagua?

Mleta mada, Majengo

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tuliongee kwa utulivu maana juzi kijiweni lilitaka kuleta ngumi. Kuna klipu inazunguka kwenye simu za watu, dada mmoja transjenda, yaani alizaliwa akahesabiwa mwanaume ila yeye ni mwanamke, anaimba kwenye Praidi, zile sherehe na maandamano ya mashoga, wasagaji na transjenda kudai haki zao, kule Afrika Kusini, anaanzia sauti ya chini kabisa halafu anapanda nayo taratibu bila kukwaruza, mimi nafundisha kwaya najua shughuli yake, ile pumzi tu ni mazoezi ya miaka. Sasa katika wote tuliokuwa nao kijiweni hakuna hata mmoja aliyeongelea sauti. Ni gauni, ni nywele, ni "huyu zamani alikuwa nani", wimbo umeisha watu bado wanabishana kuhusu kidevu chake.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaonekana nazunguka mbuyu. Hawa wasanii, transjenda na nonbainari yaani wale wasiojiona kuwa mwanaume wala mwanamke, wana haki ya kupanda jukwaani na kuimba maisha yao kwa majina yao wenyewe, na anayetaka kupinga apinge baada ya kusikiliza. Na uwezo wanao jamani. Nemo wa Uswisi, nonbainari, alichukua Eurovision 2024, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, akichanganya opera na rapu kwenye wimbo mmoja, nani kati yetu anaweza hiyo?

Halafu watu wanadhani Praidi ni disko la mtaani tu. Johannesburg waliandamana mara ya kwanza tarehe 13 Oktoba 1990, ubaguzi wa rangi bado upo, sheria ya kuwafunga mashoga bado ipo. Wanaharakati Simon Nkoli na Beverley Ditsie walikuwa mbele, nyuso wazi, lakini wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa matundu ya macho, kwa sababu ukionekana leo kesho huna kazi na nyumbani umefukuzwa. Hebu jiulizeni, mtu anadai atambulike huku kafunika sura! Mahakama ya Katiba ilikuja kuifuta ile sheria 1998. Kwa hiyo leo mtu akisimama kwenye sherehe hiyohiyo, uso wazi, maiki mkononi, anaitwa kwa jina lake, mimi siwezi kuiita ile ni kiki.

Na hata ndani ya Praidi kwenyewe hawakufunguliwa mlango kirahisi. New York mwaka 1973 Sylvia Rivera, mwanaharakati transjenda, alipanda jukwaani kuwasemea wenzake waliokuwa jela, akazomewa na haohao aliokuwa anawapigania. Rafiki yake Marsha P. Johnson alikuwa anapanda jukwaani na kundi la Hot Peaches, ila kwenye mikutano hao wawili walionekana wanaharibu sura ya harakati. Hiyo nafasi ya jukwaani wameipigania nje na ndani.

Sasa mnaosema "hayo si ya kwetu", hapa ndo nataka tukae vizuri. Kuna mtafiti anaitwa Peter Rigby, aliishi na Wagogo huku kwetu Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 aliandika kuhusu tambiko, kwamba mifugo ikiingiliwa na magonjwa wanawake walikuwa wanavaa mavazi ya kiume, wanashika kazi za wanaume, wanachunga ng'ombe, wanacheza ngoma kwa nguvu zote ili mkosi utoke kwenye nchi. Yaani mambo yakiharibika Ugogoni, dawa ilikuwa ni wanawake kuvaa uanaume, na wazee wenyewe waliona sawa. Na muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, je? Nenda Chamwino siku ya tamasha uone mama wa Kigogo kabana ngoma katikati ya mapaja anaipiga kwa viganja mpaka vumbi linaamka, wakati kuna makabila mwanamke kugusa ngoma tu ni mwiko. Sisemi bibi zetu walikuwa transjenda, asiniwekee mtu maneno mdomoni. Nachosema ni kwamba mpaka wa nani avae nini na apige nini hata hapa haukuwahi kuwa ukuta.

Mchangiaji, Nkuhungu

Mwalimu nakuheshimu ila hapo kwenye tambiko umeteleza. Lile lilikuwa la muda, limeagizwa na wazee, likiisha kila mama anarudi kwenye nguo zake na watoto wake. Huyu wa Praidi haondoi mkosi wa mtu, anasema haya ndo maisha yangu na nyie yakubalini. Ni vitu viwili. Pili tuko Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuingiliana kinyume cha maumbile ni jela miaka 30 mpaka maisha, hatuwezi kujifanya hakipo. Tatu mimi ni mzazi. Sanaa inafundisha, ndo maana hata wewe unafundisha kwaya. Ukiniambia nisikilize sauti kwanza, ushaniingiza ndani kabla sijakubali kuingia.

Mchangiaji, Chang'ombe

Kaka wa Nkuhungu nina swali. Kwenye vichekesho wanaume wanavaa madera na vilemba kila siku, tunaangalia sebuleni na watoto wetu na tunacheka mpaka machozi. Hapo malezi hayaharibiki? Naona anayevaa ili tumcheke tunampenda, anayevaa akisema ndivyo alivyo tunamtukana.

Mleta mada

Dada umenimalizia kazi.

Kaka wa Nkuhungu, kwamba tambiko lilikuwa la muda nakubaliana na wewe, ni tofauti kubwa kweli. Ila hoja ya "si ya kwetu" imeshakufa hapo, imebaki hoja ya muda gani na kwa ruhusa ya nani, na hiyo tunaweza kujadili kama watu wazima. Kuhusu sheria tusome vizuri, kifungu cha 154 kinataja tendo la mwili. Hakitaji kuimba, hakitaji gauni, hakitaji mtu anavyojisikia ndani yake. Na Katiba ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Watu wakichanganya hivi vitu ndo unakuta mtu anapigwa hadharani kwa sababu ya mwendo wake tu, na hakuna anayejali kuuliza kosa ni lipi.

La malezi ndo linaloniuma zaidi. Kwenye kwaya nina kijana, sauti yake haijavunjika, nimemweka sauti ya pili na wasichana kwa sababu ndipo sauti yake inapokaa. Anasoma nota haraka kuliko wote. Wakaanza kumwita jina la kike, mwanzoni wanafunzi wenzake, baadaye mpaka watu wazima wakitoka ibadani, na tangu Pasaka hajaja mazoezini. Huyu hajasema yeye ni transjenda, hajavaa gauni, ameimba tu. Haya macho ya kukagua mtu tuliyoyazoea hayachagui wa Praidi peke yake, yanakula watoto wetu humuhumu. Wewe kama mzazi, huyu ungemwambia nini?

Mchangiaji, Nkuhungu

Kijana ningemfuata nyumbani kwao nimrudishe, na hao watu wazima ningeongea nao mmojammoja. Hilo sina ubishi. Kifungu nacho nimekisoma tena, ni kweli kinataja tendo. Ila la Praidi bado nakataa Mwalimu, mtu kuimba anavyoishi ni kunialika mimi nikubaliane naye, na mimi sijakubali. Kesho nikitoka kazini nitaleta hoja ya malezi kwa urefu, usifunge mada.