Ini limeshindwa kazi: mgonjwa aruhusiwe kulipia seli shina nje ya utafiti?

Mtoa mada

Wagonjwa wa ini kutoka Afrika Mashariki wanaokwenda India kutafuta upandikizaji hukutana na matangazo ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) hata kabla ya kukata tiketi: dripu chache, hakuna upasuaji, hakuna ndugu wa kukatwa kipande cha ini. Pendekezo langu ni kwamba hospitali zetu kubwa zipewe leseni ya kuitoa tiba hii hapa nyumbani, kwa malipo na kwa usimamizi. Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017 na uloto wa mifupa 2021, kwa hiyo wataalamu tunao.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2017 watafiti wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya wagonjwa 110 wa homa ya ini B ambao ini lilikuwa limeporomoka ghafla juu ya ugonjwa sugu. Waliopewa seli za uloto wa mtu mwingine, mara moja kwa wiki kwa wiki 4, walikuwa hai kwa 73.2% baada ya wiki 24. Waliotibiwa kawaida walikuwa 55.6%. Na homa ya ini B ndiyo inayotumaliza huku.

Tabibu_Ziwa

Mkuu, huo utafiti naujua, ila haukuwa na plasebo, yaani dripu tupu isiyo na seli. Daktari na mgonjwa wote walijua nani kapewa seli. Pili, vifo vilipungua hasa kwa sababu maambukizi makali na viungo vingi kufeli kwa pamoja vilipungua. Seli hizi za uloto, ziitwazo za mesenkaima, ukizipitisha kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwenye mapafu na kufa upesi. Faida ikiwepo, inatokana na kemikali ambazo seli hizo huzitoa kutuliza kinga ya mwili. Tangazo la "kuotesha ini upya" ni uongo mtupu.

Tena tulishapita njia hii. Kuna dawa iitwayo G-CSF inayozitoa seli shina kwenye uloto na kuziingiza kwenye damu. Mwaka 2012 huko Delhi, waliopewa walinusurika 16 kati ya 23, wasiopewa 7 kati ya 24. Watu wakashangilia. Ujerumani wakairudia kwa wagonjwa 176, matokeo yakatoka 2021: hakuna tofauti, na utafiti ulisimamishwa kabla ya kumalizika. Uingereza nao, 2018, wagonjwa 81 wenye makovu ya ini: kuwaongezea seli shina zao wenyewe (zenye alama ya CD133) mara tatu hakukushusha alama ya MELD (kipimo cha ukali wa ugonjwa wa ini, 6 hadi 40, ikiwa juu hatari ni kubwa; hukokotolewa kwa bilirubini, kreatinini na INR, yaani kasi ya damu kuganda) kuliko matibabu ya kawaida, na matatizo makubwa yakawa mengi zaidi.

Fundi_Seli

Mnajadili leseni ya wodi, kumbe inayotakiwa ni leseni ya kiwanda. Mgonjwa wa kilo 60, kwa dozi ya seli milioni 1 kwa kilo, anahitaji seli milioni 60 zilizo hai. Kwenye uloto, mesenkaima hazifiki hata 0.01% ya seli zote, kwa hiyo lazima zioteshwe kwenye chupa kwa wiki kadhaa, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi 5%. Kila zinapohamishiwa chupa mpya zinazidi kuzeeka, na mwenye haraka ya faida hupenda kuzihamisha mara nyingi mno.

Halafu vipimo. Alama za juu ya seli ziitwazo CD73, CD90 na CD105 zionekane kwenye seli 95% au zaidi. CD34 na CD45, ambazo ni alama za seli za damu, zisizidi 2%. Bakteria, fangasi, mikoplazma (bakteria wadogo sana) na endotoksini (sumu ya bakteria) zipimwe. Mtoaji apimwe VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Kipimo cha kawaida cha bakteria huchukua siku 14, kwa hiyo seli hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika kusubiri majibu. (Umeme ukikatika tangi la naitrojeni halijali, linaharibikiwa pale gari la kujazia lisipofika.) Siku ya matumizi mfuko unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika chache, seli hai zinahesabiwa, na zikiwa chini ya 70% mfuko hautoki maabara. Kliniki inayopokea kichupa kutoka kwa msafirishaji na kukidunga bila kuhesabu inaweza kuwa inadunga maiti za seli pamoja na kemikali ya kugandishia.

Usafi ukilegea matokeo yanajulikana: Marekani, 2018, wagonjwa 12 waliripotiwa kupata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu.

Na msiseme "basi tutumie uloto wake mwenyewe". Sindano nene ya nyonga kwa mtu ambaye damu haigandi vizuri na chembe sahani zimeshuka ni kumtafutia kuvuja damu.

Mtoa mada

Yote sawa, lakini mwenye MELD juu ya 30 hana muda wa kusubiri mkamilishe. Zaidi ya nusu yao wanaolazwa hufariki ndani ya miezi 3. Mtu mzima akielezwa hatari akakubali, serikali inamzuia kwa haki ipi?

Tabibu_Ziwa

Mwenye MELD ya 30 mara nyingi akili imeshavurugwa na sumu ambazo ini halisafishi. Anayesaini ni mtoto wake, huku ameshauza kiwanja. Na utafiti wa Uingereza ulichukua wenye MELD 11 hadi 15.5 tu, kwa hiyo huyo wa 30 hata hawakumgusa.

Kabla ya seli, uliza kama haya yamefanyika. Mwenye homa ya ini B yuko kwenye tenofovia, dawa ya kuzuia virusi, miligramu 300 kila siku? Wapo ambao ini lao hurudi kufanya kazi kwa dawa hiyo peke yake. Maji ya tumboni yamepimwa? Neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikizidi 250 kwa milimita moja ya ujazo ni maambukizi: antibiotiki ya seftriaksoni, pamoja na albumini (protini ya damu) gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Ukitoa maji zaidi ya lita 5, rudisha albumini gramu 8 kwa kila lita, la sivyo figo zinafuata. Dozi ya laktulosi, dawa ya kulainisha choo na kuondoa sumu hizo, irekebishwe hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Huku kanda ya Ziwa kuna wa kichocho pia: anatapika damu, bandama kubwa, tumbo limejaa, lakini seli za ini lake ni nzima kwa sehemu kubwa. Tatizo ni mishipa iliyozibwa na makovu ya mayai ya minyoo. Huyo anahitaji prazikwanteli ya kuua minyoo, kufungwa mishipa ya koo kwa mpira, na propranololi ya kushusha shinikizo kwenye mishipa hiyo. Kumuuzia seli shina ni wizi.

Dawati_la_Sheria

Kwa wanaosafiri: mwongozo wa taifa wa India wa 2017 unaruhusu seli shina kama tiba hasa kwa magonjwa ya damu na kinga. Ini halimo, ni utafiti. Dai namba ya usajili wa jaribio na uihakiki mwenyewe. Kanuni zao za majaribio za 2019 zinataka anayedhurika na jaribio atibiwe bure na alipwe fidia. Ukiletewa ankara ya seli zenyewe, jua umekuwa mteja na ulinzi huo utausotea.

Mtoa mada

Basi nibadilishe ombi: vituo viwili au vitatu, jaribio lililosajiliwa, mgonjwa asilipie seli. Lakini nani atakubali kuingia kundi la dripu tupu?

Tabibu_Ziwa

Kundi hilo lingepata tenofovia, albumini ya kutosha na kipimo cha maji ya tumbo siku ile ile. Ukiwaonyesha kilichomo, watapanga foleni.

Mtoa mada

Hapo bado tunapingana. Albumini ipatikane kwa kila mgonjwa, asishawishiwe nayo kuingia kwenye jaribio.